Msizibeze Hadithi za Mapenzi

Kuna dharau moja ambayo wasomi wa nchi hii wameirithi bila kuikagua, nayo ni dharau ya riwaya za mapenzi. Mtu mzima akionekana na kitabu cha siasa, husifiwa. Akionekana na kitabu cha dini, huheshimiwa. Akionekana na gazeti la michezo, huachwa na gazeti lake. Lakini akionekana na riwaya ya mwanamume na mwanamke wanaotafutana, watu hutazamana na kutabasamu, hasa kama mtu huyo ana mvi kichwa kizima kama mimi. Nimeishi miaka ya kutosha kujua kwamba jambo linalochekwa na watu wengi kwa pamoja aghalabu halijachunguzwa na hata mmoja wao. Ndiyo maana naandika maneno haya, na nayaandika kwa ukali kidogo.

Mimi ni mwalimu. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha, nikawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mkoa wa Morogoro, kisha nikastaafu. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia hesabu, kilimo cha bustani, na Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Yote yalikuwa mema na yametusaidia. Lakini katika kabati la vitabu, riwaya ya mapenzi haikuwamo. Hakuna aliyesimama kusema ni marufuku. Ilinyamaziwa tu, kama vile kundi hilo la vitabu halikupata kuandikwa duniani.

Nilipostaafu nikapata muda. Muuza vitabu vya mitumba pale mjini aliniuzia kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, nikakichukua kwa sababu herufi zake zilikuwa kubwa na macho yangu si yale ya zamani. Kilikuwa *Pride and Prejudice* cha mwanamke Mwingereza aitwaye Jane Austen, kilichotoka London mwaka 1813. Nilikisoma nikiwa na kamusi ya TUKI pembeni. Sikutegemea kwamba kitanishika. Kilinishika hata chai ikapoa, na tangu siku hizo nimekuwa mtumwa wa vitabu vya namna hiyo, wala sioni haya kusema.

Nawauliza wanaozibeza riwaya hizi: mmekwisha kuzisoma? Maana kitabu hicho kinaanza na shauri la ardhi. Bwana Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Nyumba na shamba lake vimefungwa kisheria visirithiwe na mwanamke. Siku akifa, mali yote itakwenda kwa jamaa wa mbali, kasisi aitwaye Collins, na mjane na mabinti watatolewa nje. Kila posa inayokuja katika kitabu hicho inakuja juu ya tishio hilo. Collins anamposa Elizabeth, binti wa pili. Akikubali, mama yake atakuwa na pa kulala uzeeni na dada zake watakuwa na pa kukaa. Anakataa. Anakuja Darcy, mwenye mapato ya pauni elfu kumi kwa mwaka, naye anakataliwa kwa ajili ya majivuno yake. Wakati huo rafiki wa Elizabeth, Charlotte, mwenye umri wa miaka 27 na asiye na mali, anamkubali Collins yule yule kwa sababu anahitaji nyumba. Mwandishi hamtukani Charlotte. Anatuonyesha bei ya kila uamuzi na kutuachia tupime wenyewe.

Je, huo ni upuuzi wa wasichana? Mzee yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la ardhi anayajua mashauri ya namna hiyo. Na watu wa Uluguru wana sababu ya kuyajua zaidi. Milima hii ni ya watu ambao mwaka 1955 waliandamana kupinga matuta waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Hawahitaji kufundishwa kwamba ardhi ni uhai. Tena kwa desturi ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mengi yamebadilika siku hizi kwa ajili ya dini, shule na biashara ya mashamba, lakini msingi huo bado unajulikana kutoka Matombo hadi Mgeta.

Jioni nilikuwa nikimsimulia mke wangu kitabu hicho barazani, sura baada ya sura, kwa Kiswahili. Yeye ni mzaliwa wa Mgeta, na hakusoma zaidi ya darasa la nne. Nilipofika pale nyumba inapotaka kwenda kwa Collins, alinikatiza.

"Mwalimu, hebu ngoja. Kwani hao mabinti hawana mjomba?"

Nikamwambia yupo, mfanyabiashara wa London aitwaye Gardiner, lakini kwa sheria yao hana neno juu ya ardhi hiyo.

"Basi ngoja tu," akasema. "Atakuja huyo."

Naye alikuja. Binti wa mwisho, Lydia, ambaye hajatimiza hata miaka kumi na saba, anatoroshwa na askari mmoja mwenye madeni. Baba mtu anakwenda London kumtafuta, anashindwa, anarudi nyumbani akiwa amekata tamaa. Anayebaki kule na kuzungumza mpaka ndoa ikafungwa ni Gardiner, ndugu wa mama. Fedha, kama inavyojulikana baadaye, alizitoa Darcy kwa siri, lakini aliyesimama mbele za watu ni mjomba. Na ni mjomba huyo huyo pamoja na mkewe waliomchukua Elizabeth safarini mpaka akaonana tena na Darcy. Mke wangu hakushangaa hata kidogo. Alitingisha kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji cha jirani.

Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodai kwamba vitabu hivi si vyetu, ni vya Wazungu matajiri wanaokunywa chai na kucheza dansi. Nawajibu kwamba mwanamke wa Mgeta alikielewa kitabu hicho kwa nusu sentensi, na alikielewa kwa kutumia elimu ya ukoo wake mwenyewe. Aliona mara moja ubaya wa sheria iliyowafunga mabinti wale, kwa kuwa kwao shamba lisingeweza kuondoka mikononi mwa nyumba ya mama kwa njia hiyo. Hapo ndipo mtu anaposimama mbele ya kitabu cha mgeni bila kujidharau.

Kitabu cha pili nilichokisoma kinawahusu walimu zaidi, nacho ni *Jane Eyre* cha Charlotte Brontë, cha mwaka 1847. Jane ni yatima. Anapelekwa katika shule ya bweni ambako asubuhi wanapewa uji ulioungua, wanalala kwa baridi, na homa ikiingia inawaua watoto wengi. Msimamizi wa shule anahubiri kwamba njaa ya mwili huponya roho, huku mkewe na binti zake wakiingia darasani na mavazi ya hariri. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, nimesoma miongozo mingi ya uendeshaji wa shule, lakini sikupata kuona uongozi mbovu wa shule ukielezwa vizuri hivyo katika kurasa chache. Jane anakua, anakuwa mwalimu hapo hapo kwa mshahara wa pauni 15 kwa mwaka, kisha anaajiriwa kumfundisha mtoto katika nyumba ya tajiri Rochester kwa pauni 30. Wanapendana. Siku ya ndoa, kanisani, inajulikana kwamba tajiri yule ana mke aliye hai, amefungiwa ghorofani. Rochester anamsihi Jane abaki naye hivyo hivyo. Jane anampenda, hana baba, hana mama, hana fedha. Anaondoka. Analala nje, anaomba chakula kwa watu asiowajua.

Baadaye kasisi mmoja anamtaka awe mke wake waende India kueneza dini, na anamwambia kwamba kumkataa yeye ni kumkataa Mungu. Jane yuko tayari kwenda kufanya kazi, lakini hayuko tayari kuolewa na mtu asiyempenda. Mara mbili, basi, msichana maskini anasema hapana: kwanza kwa mwanamume anayempenda, kisha kwa mwanamume anayemhubiria. Nitajieni somo la uraia linalofundisha heshima ya nafsi kuliko hilo.

Sisemi kwamba kila kitu humo ni dhahabu. Mke yule aliyefungiwa ghorofani anatoka Jamaika, na kitabu hakimpi nafasi ya kusema lake. Mwandishi Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, aliona jambo hilo, na mwaka 1966 akatoa riwaya nzima ya kumpa mke huyo sauti. Hiyo ndiyo namna ya mtu mzima kusoma: anapenda na anadai. Asiyesoma hawezi kudai chochote.

Na isidhaniwe kwamba nawapeleka watu London kutafuta ambacho hawana nyumbani. Mwaka 1960 Muhammed Saleh Farsy alitoa *Kurwa na Doto*, hadithi ya mapacha, wivu na ndoa, na yeye mwenyewe akaiita maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Alijua kwamba ukitaka kueleza watu wanavyoishi, anza na jinsi wanavyooana. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*, habari za msichana wa Ukerewe ambaye baba yake alimlinda kwa fimbo asiongee na mvulana, hata alipotoka nje ya ulinzi huo hakuwa na akili yoyote ya kumwongoza, akaangamia. Mwaka 1999 Adam Shafi alitoa *Vuta N'kuvute*. Humo Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa mwenye duka aliyemzidi umri kupita kiasi. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, naye anampenda Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni. Katika kitabu hicho uhuru wa nchi na uhuru wa moyo wa msichana mmoja vinatembea pamoja. Kikaja kusomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mwaka 2021 kikatengenezewa filamu.

Tazama basi kilichompata *Rosa Mistika*. Kitabu kinachoonya kwamba kumnyamazisha msichana ni kumwangamiza, kilinyamazishwa chenyewe. Kilizuiwa mashuleni, na ilichukua muda kabla ya kukubaliwa darasani. Watu wazima waliona aibu ya kitabu kuliko aibu ya mambo yaliyoandikwa kitabuni.

Aibu hiyo niliiona kwa macho yangu. Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilipokuwa bado mwalimu kijana, msichana wa darasa la saba alikamatwa na riwaya ya mapenzi iliyofunikwa kwa gazeti. Alichapwa viboko mstarini mbele ya shule nzima, na kitabu kikachomwa. Kabla ya mtihani wa mwisho ikagundulika kwamba msichana huyo ni mjamzito, akafukuzwa. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake pale kijijini. Jina lake halikusomwa mstarini. Kitabu kilipata adhabu, msichana alipata adhabu, mtu mzima alipata nafasi ya mbele katika mikutano. Kuna anayeamini kweli kwamba kitabu ndicho kilichomharibu mtoto yule? Alikuwa akitafuta, katika kurasa zile chache, mtu wa kumwambia mwanamume anaposema maneno matamu anakuwa anataka nini. Sisi walimu hatukuwa na somo hilo katika ratiba.

Wasichana kama yeye walifukuzwa kwa miaka mingi katika nchi hii. Ilikuwa Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi shuleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari, na kwamba ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka kwamba msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Hiari ni neno zuri kwenye karatasi. Lakini mtoto atajifunza wapi hiari ni nini? Atamwona wapi msichana akikataa posa mbele ya mama anayelia, bila kumchukia mama yake? Atamwona wapi mwanamume aliyekataliwa akienda kujirekebisha badala ya kulipiza kisasi? Darcy alifanya hivyo. Ningependa kila mvulana wa Morogoro amfahamu Darcy, kwa sababu wavulana wetu wanafundishwa kuposa lakini hawafundishwi kukataliwa.

Hapo nagusa kosa jingine la wabezaji: kusema kwamba vitabu hivi ni vya wanawake. Wanaume wa mji huu hawana haki ya kusema hivyo. Morogoro ilikuwa makao ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, mpaka kifo chake mwaka 1965. Ilikuwa makao ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, naye alifariki mwaka 1979. Wazee wenzangu walivaa suruali pana wakacheza mpaka alfajiri kwa nyimbo za mapenzi, na mpaka leo zikipigwa redioni wanafumba macho. Kulia kwa ajili ya mwanamke kunaruhusiwa kama kuna gitaa. Kukiwa na karatasi tu, ni upuuzi. Naomba nielezwe tofauti. Mimi naona moja tu: wimbo huisha kwa dakika chache na haukuulizi swali, lakini riwaya hukaa nawe wiki nzima na kukuuliza wewe mwenyewe ulimtendeaje mkeo.

Wapo pia wenzangu wa enzi zetu wanaosema kwamba fasihi lazima iwe ya ukombozi, na mapenzi ni starehe ya watu wasio na kazi. Nawaheshimu, kwa maana nami nililelewa katika maneno hayo. Lakini ukombozi unaoishia mlangoni mwa nyumba ni ukombozi gani? Mkulima anaweza kuwa huru mbele ya mkoloni na mbele ya mnyonyaji, na jioni akarudi kuwa mkoloni wa jikoni kwake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Hata hivyo, mjane wangapi hawathubutu kuidai kwa kuogopa jamaa za mume? Woga huo hauondoki kwa hotuba. Unaondoka pale mtu anapojiona ni mtu, na riwaya nzuri ya mapenzi humfanya msomaji ajione hivyo.

Sitetei kila takataka inayouzwa stendi. Zipo hadithi zinazoandikwa kwa kuhesabu miili tu, ambamo mwanamke ni nyama na mwanamume ni pochi. Hizo ni mbovu kama ilivyo mibovu baadhi ya mahubiri na baadhi ya hotuba. Lakini dawa ya chakula kibovu ni chakula kizuri, wala si njaa. Kijana asiyepewa *Vuta N'kuvute* hatakaa bila hadithi ya mapenzi. Atapewa na simu, saa sita ya usiku, na hakuna mwalimu atakayekuwa karibu.

Basi ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Vyuo vya ualimu viweke riwaya hizi katika maktaba zao, za Kiswahili na za kigeni, na kila mwalimu mwanafunzi asome walau mbili kabla ya kukabidhiwa darasa la watoto wanaobalehe. Shule za sekondari zisizitoe kwa wasichana peke yao. Wavulana wazisome na wajibu maswali. Watafsiri wetu watupe *Jane Eyre* kwa Kiswahili safi, tusimulizane na wake zetu bila kuhangaika na kamusi. Na wazee wastaafu wenye macho bado, waache kuona haya. Nendeni mkanunue. Mkichekwa, mwulizeni anayecheka amesoma ukurasa wa ngapi.